Kulenga kwa Kiganja: Mwongozo Kamili wa Mguso na Mwendo kwenye Konsoli za Mkononi

Mpwa wangu alinipigia simu jioni moja akiwa ndani ya matatu ya Rongai. "Mjomba, ile Switch uliyonipa imeharibika." Nikamuuliza imeharibika vipi. Akasema upinde umekataa kulenga: akivuta mshale, alama ya kulengea inateleza yenyewe kwenda kulia, kana kwamba kuna mtu anaivuta kwa kamba. Nikamuuliza yuko wapi. "Tuko Nyayo, tunaingia Lang'ata Road."

Hapo nikajua konsoli ni nzima. Matatu ilikuwa inazunguka pale Nyayo Stadium ikikata kulia, na konsoli, ambayo haijui kuwa duniani kuna magari, ikahesabu kwamba ni kijana mwenyewe aliyegeuka. Ilifanya kazi yake sawasawa kabisa. Ilikuwa tu inasikiliza kitu ambacho hakuna aliyeiambia isikilize.

Nimewapangia ndugu na majirani konsoli nyingi sasa, na malalamiko karibu yote yana mzizi huo. Kioo kinasikiliza jasho, chaja mbovu na kidole kilichojisahau pembeni. Kihisi mwendo kinasikiliza barabara. Kwa hiyo shabaha yangu hapa ni moja: uweze kuvifanya viwili hivyo vikusikilize pale tu unapoviita.

Kwanza, jua umeshika nini

Si kila konsoli ya mkononi ina mguso na mwendo. PSP ya Sony ya mwaka 2004 haina hata kimoja, muuzaji aape atakavyo. Nintendo DS, ya mwaka huohuo, ina kioo cha chini cha kugusa lakini haina kihisi mwendo. 3DS ya 2011 na ndugu yake 2DS ya 2013 zina vyote viwili. PlayStation Vita, iliyouzwa Japani kuanzia Desemba 2011 na kwingineko kuanzia Februari 2012, ina kioo cha kugusa cha inchi 5 mbele, pedi nyingine ya kugusa mgongoni, na vihisi mwendo ndani.

Kisha kuna ukoo wa Switch wa Nintendo: ya kwanza ya Machi 2017 yenye kioo cha inchi 6.2, Lite ya 2019 ya inchi 5.5, na OLED ya 2021 ya inchi 7. Zote zina mguso na mwendo. Switch 2 ya Juni 2025 ina kioo cha inchi 7.9, na Joy-Con zake, yaani vile vishikio viwili vya vitufe vya pembeni, unaweza kuzilaza kwa ubavu mezani ukaziburuza kama kipanya cha kompyuta. Steam Deck, iliyotoka Februari 2022, imebeba kila kitu kwa pamoja: kioo cha kugusa, pedi mbili ndogo za kugusa chini ya stiki (vile vijiti vya kusukuma kwa dole gumba), na kihisi mwendo. Ukipata mtu wa kukuletea moja kutoka ng'ambo, sehemu ya kulenga hapa chini ni yako hasa.

Kuna jambo la zamani ambalo wengi hawalijui. Kabla konsoli zenyewe hazijapata vihisi, kihisi kiliwekwa ndani ya kaseti ya gemu. Kirby Tilt 'n' Tumble ya Game Boy Color, iliyotoka Japani mwaka 2000, ilikuwa na chake. WarioWare: Twisted! ya Game Boy Advance ya 2004 nayo ilikuwa na gairoskopu, kihisi kinachopima kugeuka. Ukikuta kaseti ya namna hiyo inauzwa bei ya juu kuliko wenzake, sababu mojawapo ndiyo hiyo.

Sasa tofauti ya vioo, maana ukiikosa utanunua vitu visivyofaa. Kioo cha DS na 3DS ni rezistivu. Kina tabaka mbili zenye upenyo mwembamba katikati, na ukibonyeza zinagusana. Kwa hiyo kinakubali chochote kinachosukuma, iwe kalamu yake ya plastiki, ukucha au ncha ya kijiko. Hakielewi vidole viwili kwa wakati mmoja, na uso wake ni laini, unakwaruzika upesi. Kioo cha Vita, Switch na Steam Deck ni kapasitivu, kama cha simu yako. Kina mtandao wa nyaya zisizoonekana zenye umeme mdogo, na kidole chako kinauvuruga umeme huo kwa sababu mwili unapitisha umeme. Ukucha hauupitishi, na kalamu ya DS pia haipitishi. Usiende kumlalamikia muuzaji kwamba kioo cha Switch kimekufa wakati unakigonga kwa plastiki. Kalamu yake ni ile yenye ncha ya mpira au kitambaa maalumu, na inasaidia sana kwenye gemu kama Super Mario Maker 2, ambapo unajenga vitu vidogo vidogo kidole kikikuziba macho.

Kabla hujatoa pesa

Konsoli nyingi mjini ni za mtumba, na hakuna ubaya wowote. Ubaya ni kulipa kwa haraka huku umesimama mlangoni. Iwe ni duka la Luthuli Avenue au jirani anayehama, omba dakika 10 na kiti. Anayekunyima kiti amekwisha kukujibu.

Anza na kioo. DS ina programu yake ya kuchorea, PictoChat, na 3DS ina daftari dogo la Game Notes juu ya ukurasa wa mwanzo. Fungua hiyo, chora mstari kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, kisha mwingine wa kukata ule wa kwanza. Fuatisha na kingo zote nne. Mstari ukikatika mahali palepale kila mara, pale pamekufa. Mstari ukitokea kando ya kalamu, mathalan nusu sentimita juu yake, kioo kinataka tu kurekebishwa na unaweza kununua bila hofu. Nimeona watu wakikataa 3DS nzima kabisa kwa sababu ya hilo la pili, na muuzaji mwenyewe hakujua.

Kwenye Vita, bonyeza kwa muda moja ya zile duara za programu hadi ziachie, kisha uiburuze taratibu kote kwenye kioo. Ikidondoka mahali, rudia hapo hapo. Mgongo wake usiusahau, maana ndio unaogusana na meza, mfuko na funguo. Programu ya Welcome Park huja na konsoli na ina michezo midogo ya kugusa inayokutoa wasiwasi haraka.

Kwenye Switch, fungua kibodi popote inapojitokeza, gusa kila herufi kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine, kisha rudi ukurasa wa mwanzo, buruza safu ya gemu kushoto na kulia, na uguse picha ya mtumiaji iliyo juu kushoto. Steam Deck nayo hutoa kibodi ukibonyeza kitufe cha Steam pamoja na X.

Kupima mwendo ni rahisi zaidi kwenye 3DS, kwa sababu Face Raiders iko ndani tayari: simama, geuka mzunguko mzima, na picha izunguke nawe bila kukwama. Hilo la kuwa ndani tayari lina uzito sasa, kwa kuwa duka la mtandaoni la 3DS liliacha kuuza Machi 2023. Kwa Switch na Vita, nenda na gemu yako mfukoni, yenye kulenga kwa mwendo. Mimi hubeba kaseti ya Breath of the Wild. Navuta upinde, nainamisha konsoli juu, chini, kushoto, kulia, halafu nailaza mezani na kutazama alama ya kulengea kwa nusu dakika. Ikitulia, natoa pesa.

Isipotulia, usikimbilie kulaumu kihisi. Ingia kwenye mipangilio ya gemu uzime kulenga kwa mwendo, kisha utazame tena. Kama alama bado inahama, mkosaji ni stiki iliyolegea, na hiyo ni kazi ya fundi na sababu ya kupunguziwa bei. Kama imesimama, basi ni kihisi, na dawa yake mara nyingi ni dakika moja ya kukirekebisha. Ukitoka na somo moja tu humu, chukua hili. Matatizo hayo mawili yanafanana kwa macho, na mafundi wengi hubadilisha stiki zisizo na kosa.

Kilichomo ndani

Vihisi ni viwili na vina tabia tofauti. Aksilerometa ni kijiwe kidogo mno kilichoning'inizwa kwa springi ndani ya chipu. Kinavutwa na uzito wa dunia, kwa hiyo siku zote kinajua chini ni wapi. Lakini dereva akikanyaga breki, kijiwe hicho kinarushwa mbele, nacho hakiwezi kutofautisha breki na kuinamishwa. Gairoskopu ina kipande kinachotetemeka bila kukoma. Ukiizungusha, mtetemo unasukumwa kando, na chipu inapima umesukumwa kiasi gani. Inajua unageuka kwa kasi gani, lakini haijui umeelekea wapi.

Ili kujua umeelekea wapi, konsoli inajumlisha mizunguko midogo midogo, mara nyingi sana kila sekunde. Kila hesabu ina kosa la chembe. Chembe kwa chembe hujaza kibaba, na baada ya muda alama inakuwa imehama bila wewe kusogea. Joto nalo linachangia, kwani sifuri ya gairoskopu ikiwa baridi si ile ya ikiwa moto.

Kukitunza kioo kisisikie yasiyokuwepo

Zima kioo kwanza, kisha kifute kwa kile kitambaa laini cha miwani, kikiwa na unyevu mdogo tu. Mafuta ya chipsi ndiyo adui mkubwa wa vioo vya kapasitivu jijini hapa, kwa sababu yanaacha utando ambao kidole kinateleza juu yake kwa kushtukashtuka. Matone ya maji ni mabaya zaidi, maana konsoli huyasoma kama vidole. Mikono inayotoka jasho, ipangusie suruali kabla ya kila raundi, wala usione haya. Na Julai, Nairobi inapoganda asubuhi, vua glavu. Switch ina mpangilio wa kuongeza wepesi wa mguso, ambao husaidia ukiwa na protekta nene au kalamu, ila mimi huuacha pale ulipo hadi pawe na sababu.

Kuhusu protekta: kwenye Switch na Steam Deck, bandika ya kioo nyembamba, na ukiona pembe imeinuka ibadilishe, kwa sababu vumbi likiingia pale mguso wa ukingoni unakufa. Kwenye DS na 3DS usibandike kioo kigumu hata ukipewa bure. Kioo rezistivu lazima kipinde ndipo kisikie, hivyo tumia nailoni nyembamba. Switch OLED ina utando uliobandikwa kiwandani juu ya kioo chake, nao si ile nailoni ya kubandua kwa furaha siku ya kwanza. Kazi yake ni kuzuia vipande visitawanyike kioo kikivunjika. Uache, ubandike protekta juu yake.

Sasa chaja. Nilinunua moja mjini kwa bei ya kutupa, nikaiweka kwenye Switch Lite, nikalala nikicheza. Kioo kikaanza kufungua gemu, kufunga gemu, kuingia kwenye mipangilio na kutoka, chenyewe. Nikakipangusa. Nikabandua protekta. Karibu niite mtu wa kusoma dua. Nilipochomoa chaja ili niipeleke konsoli sebuleni, vurugu likaisha hapo hapo. Chaja duni hupitisha umeme wenye kelele, na kioo kapasitivu, ambacho kazi yake ni kusikiliza mabadiliko madogo ya umeme, kinaisikia kelele ile kama vidole. Kwa hiyo kioo kikijigusa chenyewe, jambo la kwanza kabisa ni kuchomoa waya. Kikitulia, tupa chaja. Kisipotulia, safisha, bandua protekta, zima na uwashe. Yote yakishindikana ndipo useme kioo ni kibovu.

Vita ina ugonjwa wake wa pekee: vidole vinavyoishika vinalala juu ya pedi ya mgongoni na gemu inafanya mambo usiyoyaomba. Nunua lile ganda lenye mishikio minene linaloinua vidole. Hakuna mpangilio utakaokufaa kuliko hilo.

Kurekebisha

Kwa kioo cha 3DS, ingia System Settings, kisha Other Settings, kisha Touch Screen. Utaonyeshwa alama, ziguse kwa ncha ya kalamu, si kwa kidole, na mkono wako uwe katika mkao uleule unaochezea. DS nayo ina kazi kama hiyo kwenye mipangilio yake. Vioo vya kapasitivu havihitaji.

Kwa mwendo, cheza kwanza dakika 10 hadi 15. Watu hurekebisha konsoli ikiwa imetoka tu kwenye begi, baridi, halafu ikipata moto wanashangaa alama imeanza kuhama tena. Ikishapata joto, tafuta mahali palipolala sawa. Kitanda hakifai, paja halifai, na meza yenye jenereta au friji inayotetemeka karibu nayo haifai pia. Sakafu ya simenti inatosha kabisa.

Kwenye Switch ingia System Settings, shuka hadi sehemu ya kontrola, chagua Calibrate Motion Controls, na ufuate inachokuambia. Itakuelekeza ukilaze kifaa na ukiache. Kiache kweli: usiguse meza, usiongee ukiigonga kwa vidole. Kama unazitumia Joy-Con zikiwa zimechomolewa pia, zirekebishe moja moja, kisha uzirudishe na uirekebishe konsoli yenyewe zikiwa zimechomekwa. Kila kimoja kina kihisi chake, na kumtibu mmoja hakumponyi mwenzake. Steam Deck ina kazi hiyohiyo ndani ya Settings, upande wa Controller.

Kulenga: stiki ibebe, kiganja kimalize

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu hukata tamaa siku ya kwanza. Wanawasha mwendo, wanajaribu kugeuka nyuma kwa kuzungusha konsoli nzima, shingo inapinda, kioo hakionekani, wanazima na kusema ni upuuzi. Ni kweli ni upuuzi kuitumia hivyo. Mwendo haukuja kuchukua nafasi ya stiki. Stiki ni nzuri kwa safari ndefu na mbaya kwa hatua fupi, kiganja ni kinyume chake. Fundi wa mbao hutumia msumeno kukata na randa kulainisha, hakuna anayeuliza kipi bora.

Zima mwendo kwanza. Cheza na stiki pekee, na upange kasi yake iwe ya kukuwezesha kugeuka nyuma upesi, hata kama huwezi kulenga kitu kidogo. Hiyo kasi ambayo kwa kawaida ungeiona ni kubwa mno ndiyo unayoitaka, kwa sababu kazi ya kulenga kidogo si ya stiki tena.

Kisha washa mwendo na uweke wepesi wake (sensitivity) chini ya katikati. Kwenye Splatoon, gemu ya kurushiana rangi, kipimo kinaanzia -5 hadi 5. Anzia -1. Tafuta ukuta ndani ya gemu wenye alama mbili, tuseme pembe ya dirisha na pembe ya mlango. Peleka stiki hadi karibu na alama ya kwanza, iachie, kiganja kimalizie. Nenda ya pili. Rudi. Fanya hivyo mara 20 bila kufyatua chochote. Ukiona unapitiliza alama kila mara, punguza kwa hatua moja. Ukiona kiganja kinapinda hadi kioo kinakukimbia, ongeza. Kwenye konsoli ya mkononi kioo kinasogea pamoja na mkono, kwa hiyo utajikuta unataka wepesi mkubwa kuliko mtu anayecheza kwenye televisheni. Usimwige rafiki yako wa televisheni.

Kaa na namba hiyo siku tatu. Ukiibadilisha kila unapokufa, mkono haujifunzi kitu.

Mkao una uzito kuliko namba. Viwiko viegemee mbavuni au mapajani, mzunguko utoke kwenye viganja. Ukicheza umenyoosha mikono hewani, mtetemo wa mabega yako nao unaingia kwenye alama. Ukicheza umelala chali, gemu zinazotegemea kuinamisha zitachanganyikiwa, kwa sababu kijiwe kile cha ndani kinaamini chini ni mgongoni mwako. Kwenye Splatoon, kitufe cha Y kinarudisha kamera katikati, na mchezaji mzoefu hukigonga bila kufikiri, kama dereva anavyotazama kioo cha nyuma.

Ila kuna tofauti kubwa kati ya gemu na gemu. Katika mapigano, Breath of the Wild husikiliza mwendo pale tu unapolenga, kwa mfano unapovuta upinde, na ndiyo maana napenda kuwafundishia watu hapo. Splatoon husikiliza muda wote, na ukiwasha mwendo, stiki ya kulia inakuachia kugeuka pembeni tu, juu na chini ni kazi ya kiganja. Ndiyo maana siku ya kwanza unaona kama umeibiwa nusu ya stiki. Mnaotoka kwenye simu mnaijua tofauti hii tayari: PUBG Mobile hukupa chaguo la gairoskopu kusikiliza daima au pale tu unapofungua darubini. Hilo la darubini ndilo la kuanzia.

Kwenye Steam Deck unaweza kulipatia chaguo hilo karibu gemu yoyote, hata ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kuwaza habari za mwendo. Gemu ikiwa wazi, bonyeza kitufe cha Steam, ingia mipangilio ya kontrola, uhariri mpangilio wa gemu hiyo, na ufungue sehemu ya Gyro. Iambie gairoskopu ijifanye kipanya. Kisha chagua kitakachoiamsha. Stiki za Steam Deck zinahisi kidole kikizigusa tu, bila kuzisukuma, kwa hiyo chagua mguso wa stiki ya kulia. Ukiweka dole gumba pale, mwendo unaamka, ukiliinua, unalala. Faida yake ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Kiganja kikifika mwisho wa kupinda, unainua dole gumba, unarudisha mikono katikati, unaligusisha tena na kuendelea, kama mtu anayevuta kamba ya kisima kwa zamu za mikono.

Baadhi ya gemu hazipendi kipanya na kontrola vikizungumza kwa pamoja. Utaona picha za vitufe zinabadilikabadilika na mchezo unakwama. Hapo iambie gairoskopu ijifanye stiki badala ya kipanya. Haitakuwa laini kama ile ya kwanza, lakini itafanya kazi. Na utaulizwa igeuke kwa mzunguko gani: wa kugeuza uso wa kioo kushoto na kulia, au wa kuinamisha kama usukani. Wengi wa rika langu, tulioanza na gemu za magari, mikono yetu inapenda usukani. Jaribu yote mawili kwenye ukuta wako wa mazoezi, na usiruhusu mtu akuchagulie.

Gemu za kugusa tupu sitazisemea mengi. Gusa, buruza, basi. Kumbuka tu kwamba Switch ikiwa kwenye doki yake ya kuiunganisha na televisheni, kioo hakisikii.

Matatu

Narudi kwa mpwa wangu. Chukua gari linalokata kona ya nyuzi 90 kwa sekunde 6. Hizo ni nyuzi 15 kila sekunde, na gairoskopu inazihesabu zote kama zako. Hakuna marekebisho yatakayoiponya, kwa sababu haijakosea. Kwa hiyo gemu za kulenga zinaharibikia kwenye kona na mizunguko: Nyayo, mchepuko wa Galleria, kona za Magadi Road. Gemu za kuinamisha, kama zile za kuongoza kigololo, zinaharibika kwenye breki na kuondoka, yaani Lang'ata Road nzima saa 12 jioni. Besi ya nganya, yaani matatu ya muziki mkubwa, ile inayotikisa hadi meno, haigeuzi alama upande wowote lakini huifanya itetemeke kama wepesi uko juu.

Kwenye Breath of the Wild, fungua mipangilio na uzime "Aim with Motion Controls" unapopanda, uiwashe unaposhuka. Kwenye Splatoon, fanya hivyo kwenye mpangilio wake wa mwendo. Ukiona kazi hiyo ni nyingi, cheza gemu za mguso au za zamu zamu barabarani, na za kulenga uziwekee nyumbani. Mwenye Steam Deck hana shida, anainua tu dole gumba kona ikifika. Mpwa wangu amepata njia yake: mwendo uko wazi, lakini upinde hauvuti hadi makanga apige bati la kusimamisha gari.

Jambo la mwisho si la vihisi. Konsoli inayong'aa usiku kwenye msongamano inaonekana kutoka mbali, na wapo wanaopitisha mkono dirishani gari likiwa limesimama. Kaa kiti cha ndani. Ukikikosa, funga kioo, na hapa nasema kile cha matatu.